Deni la Mpunga: Imani na Matambiko ya Wakadazan-Dusun

Wahenga wetu walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa. Methali hiyo twaisikia mara nyingi dukani na sokoni, watu wakumbushanapo habari za fedha. Lakini wako watu, mbali sana na pwani ya Afrika ya Mashariki, walioijenga ibada yao yote juu ya fikira iyo hiyo. Watu hao ni Wakadazan-Dusun wa Sabah, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Borneo, katika nchi ya Malaysia. Kwao ardhi ni deni, chakula ni deni, na kosa la mtu mmoja ni deni la kijiji kizima. Katika insha hii, msomaji, nataka tutazame pamoja jinsi walivyolifahamu deni hilo, ni nani waliojua njia ya kulilipa, na ni mambo gani yaliyoipata elimu hiyo tangu wageni walipoanza kuitawala nchi yao mwaka 1881.

Kwanza yatupasa kuijua nchi yenyewe. Borneo ni kisiwa cha tatu kwa ukubwa duniani, na Sabah ni pembe yake ya kaskazini. Ni nchi ya mvua nyingi, misitu minene, na mito iendayo mbio kutoka milimani mpaka baharini. Juu ya yote umesimama mlima Kinabalu, wenye kimo cha mita 4,095, na kilele chake ni mwamba mtupu wa rangi ya kijivu. Wenyeji wa nyanda za karibu na pwani, kama vile Penampang na Papar, hulima mpunga katika majaruba yenye maji. Wenyeji wa milimani kwa desturi walifyeka msitu wakapanda mpunga wa nchi kavu. Kote huko mpunga ndio uliokuwa kalenda: kwa mpunga watu walihesabu miaka, na kwa mpunga walijua wakati wa kazi na wakati wa karamu.

Jina la watu hawa lina historia yake. Neno Dusun ni la Kimalay, na maana yake ni shamba la miti ya matunda. Watu wa pwani walilitumia kuwataja watu wa mashambani, na serikali ya wageni ikalifuata. Wenyeji wa Penampang na Papar walipenda kujiita Wakadazan. Palikuwa na ubishi wa miaka mingi juu ya majina hayo, hata mwaka 1989 chama chao cha utamaduni kikaamua kuyaunganisha yakawa jina moja. Ndani ya jina hilo zimo jamaa nyingi na lahaja nyingi. Kwa hiyo usishangae ukikuta jina la Muumba likitamkwa Kinoingan mahali pamoja na Kinorohingan mahali pengine. Wengi wao, hata hivyo, husimulia kwamba wazee wao walitoka mahali pamoja paitwapo Nunuk Ragang, penye mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, karibu na mto Liwagu, na kwamba kutoka kivuli cha mti huo walitawanyika kuyafuata mabonde.

Sasa tuje kwenye deni la kwanza, nalo ni deni la ardhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mwingereza mmoja, Ivor Evans, alikusanya masimulizi ya Wadusun wa upande wa Tempasuk na Tuaran, na baadaye, mwaka 1953, kikachapishwa kitabu chake juu ya dini ya Wadusun wa Tempasuk. Katika masimulizi ya upande huo husemwa kwamba Muumba na mkewe walitoka ndani ya mwamba uliokuwa katikati ya bahari. Hapakuwa na nchi kavu. Wakatembea juu ya maji mpaka wakafika nyumbani kwa Bisagit, pepo wa ndui, wakamwomba udongo. Bisagit akawapa, lakini hakutoa bure: alitaka nusu ya watu watakaoumbwa. Wakakubali, wakaurudia mwamba wao, wakauponda na kuuchanganya na udongo ule, ikawa nchi. Tangu siku ile, wasema wasimulizi, Bisagit huja kila baada ya miaka arobaini kudai watu wake.

Tusiyapuuze maneno haya kama hadithi za kuwalaza watoto. Ndui ilikuwa ikiipiga Borneo mara kwa mara na kuvifuta vijiji. Watu ambao hawakuwa na darubini ya kuonyesha vijidudu walitafuta sababu kwa njia waliyokuwa nayo. Tena sababu waliyoipata haikuwa kwamba Muumba ni mkatili au kwamba majirani ni wachawi. Walisema, twaishi juu ya ardhi ya kuazimwa, na mwenyewe hudai.

Deni la pili ndilo kubwa zaidi, nalo ni deni la chakula. Husimuliwa kwamba zamani njaa kali iliingia duniani, watu wakawa hawana cha kula. Muumba Kinoingan na mkewe Suminundu walikuwa na binti mmoja tu, jina lake Huminodun, msichana mwema wa moyo na mzuri wa sura. Binti huyo akakubali kufa ili watu wapate kuishi. Baba yake akamchinja, akautawanya mwili wake juu ya nchi. Nyama yake ikawa mpunga, kichwa kikawa mnazi, vidole vikawa tangawizi, meno yakawa mahindi, na magoti yakawa viazi vikuu. Kwa hiyo kila ale wali, Mkadazan-Dusun wa zamani alijua anakula mwili wa msichana aliyejitoa kwa ajili yake.

Hebu tutue kidogo hapa, tuyatazame yale mahindi. Mahindi ni mmea wa Amerika. Hayakujulikana Borneo, wala hayakujulikana kwetu Afrika, kabla ya safari za Wazungu kwenda Amerika zilizoanza mwaka 1492. Basi meno ya Huminodun hayawezi kuwa yaligeuka mahindi katika simulizi ya kale kabisa. Hapa mwanafunzi wa historia ajifunze jambo moja. Simulizi ya mdomo haikai kama jiwe. Hukua, na kila chakula kipya kilipofika, watu walikitafutia nafasi katika mwili wa yule binti ili nacho kiingie katika deni. Mapokeo huongezeka maneno, lakini nia yake hubaki ile ile.

Katika mpunga, basi, waliamini mnakaa roho. Wakadazan huiita Bambaazon, na Wadusun huiita Bambarayon, nayo ni roho ya Huminodun mwenyewe. Roho hiyo ni nyepesi kuumia. Mtu akimwaga mchele ovyo, akiacha masuke yakanyagwe, au ikija mafuriko, panya, wadudu na magonjwa ya mimea, sehemu ya roho hupotea au hujeruhiwa. Isiporudishwa, mavuno ya mwaka ujao yatakuwa haba. Kwa hiyo kazi ya mavuno haikwisha kwa kujaza ghala. Ilibaki kazi ya kumtafuta aliyepotea.

Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Katika Penampang waliitwa bobohizan, na kwa Wadusun wengi waliitwa bobolian. Hao walikuwa makuhani, waganga wa maradhi, na walinzi wa mapokeo kwa pamoja. Msichana alianza kujifunza kwa mwanamke mzee akiwa bado mdogo, na mafunzo yaliendelea miaka mingi. Alichojifunza hasa ni rinait, yaani maneno marefu ya ibada yaimbwayo au yanenwayo kwa mpango maalumu. Kulikuwa na rinait ya mpunga, ya ugonjwa, ya nyumba, ya ndoa na ya mauti. Lugha yake ni ya kale, hata wasemaji wa leo hawaifahamu yote. Mwanafunzi hakuwa na kitabu wala kalamu. Yote aliyashika moyoni. Tena hakuruhusiwa kubahatisha, maana waliamini kwamba neno lililokosewa laweza kumdhuru mwenye kulinena. Katika tambiko alishika kifungo cha mizizi mikavu yenye harufu, kiitwacho komburongo, na kwa kukitikisa aliwaita pepo waliokuwa wasaidizi wake.

Tambiko kubwa la mpunga huitwa Magavau. Kabla ya mavuno kuhani alichagua masuke saba yaliyo bora, na mavuno yalipokwisha yakapelekwa nyumbani kwa heshima. Kisha, mwezi ulipokuwa mpevu, makuhani walitoka usiku kwenda majarubani. Mbele yao alikwenda mwanamume mwenye upanga mkononi, wa kuwafukuza pepo wabaya. Nyuma yake walifuatana wale wanawake katika mstari, wakikanyaga maji na matope kwa mwanga wa mwezi, wakiimba rinait na kuziita roho za mpunga zilizopotea, moja moja, popote zilipo: zilizoangukia njiani, zilizochukuliwa na maji, zilizoliwa na ndege. Zilipopatikana zilirudishwa nyumbani, zikatengewa chakula, mayai, nyama ya kuku na pombe ya mchele. Ndipo watu nao walipokula, wakapiga sahani zao kubwa za shaba, na kucheza sumazau, mikono imenyoshwa kama mabawa ya ndege arukaye polepole.

Angalia utaratibu huo, msomaji. Aliyedaiwa hakuanza kula. Mdai aliandaliwa kwanza, mdaiwa akala baadaye.

Deni la tatu ni la mwenendo. Waliamini kwamba kosa zito, kama uzinzi au ndoa ya watu wa damu moja, huitia nchi joto. Joto hilo halimchomi mkosaji peke yake. Laweza kuleta ukame, maradhi na mavuno mabaya juu ya watu wote. Dawa yake ni sogit. Neno hilo lina asili moja na neno lao la baridi, na maana yake ni kupoza. Mkosaji alitoa kuku, nguruwe au nyati wa kufugwa, kwa kadiri ya kosa lake. Mnyama akachinjwa, nchi ikapoa, na waliokosana wakapatana. Sogit basi haifanani sana na adhabu kama tunavyoifahamu sisi. Mahakama ya kisasa huuliza mkosaji ateseke kiasi gani. Sogit huuliza kilichoharibika kitatengenezwaje. Hata leo mahakama za wenyeji zipo Sabah, zikifanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1992, na sogit bado hutozwa.

Na mauti je? Wafu wao walikwenda Kinabalu. Mlima ule ulikuwa makao ya roho, na ilisimuliwa kwamba kuvumwani juu ya miamba yake ni chakula cha wafu. Watu hawakuupanda kwa mchezo. Mwaka 1851 Mwingereza Hugh Low alipopanda, na baada yake wasafiri wengine, viongozi wao Wadusun walitoa sadaka ya kuku na mayai ili kuomba ruhusa kwa wenye mahali. Miili ya wafu ilizikwa pengine ndani ya mitungi mikubwa ya kauri iliyotoka China, ambayo wenyeji waliipata kwa kubadilishana na mazao ya msitu. Mitungi mingine ya kale iliaminiwa kuwa na roho ndani yake, nayo ikafanyiwa tambiko kama mtu wa ukoo.

Mwandishi wa historia hapaswi kuchagua mazuri tu. Yafaa kusema wazi kwamba zamani watu hawa, kama makabila mengine ya Borneo, walikata vichwa vya adui na kuvitundika nyumbani, wakiamini kwamba roho zake hulinda nyumba zikitunzwa kwa matambiko. Imani iliyowafundisha kuihurumia roho ya suke la mpunga haikuwazuia kuutoa uhai wa jirani. Desturi hiyo ilikomeshwa chini ya utawala wa wageni, na hakuna mwenye haja ya kuilia.

Utawala huo ulikuwa wa namna ya ajabu. Mwaka 1881 Malkia wa Uingereza aliipa hati kampuni ya biashara, nayo ikaitawala Borneo ya Kaskazini mpaka mwaka 1946, isipokuwa miaka ya vita, 1942 hadi 1945, Wajapani walipoishika nchi. Baada ya hapo ikawa koloni la Uingereza, na tarehe 16 Septemba 1963 ikaingia katika Malaysia kwa jina la Sabah. Pamoja na kampuni waliingia wamisionari. Hapa historia yao inagusana na yetu, kwa kuwa mapadre wa Kikatoliki wa shirika la Mill Hill, waliofika huko mwaka 1881, ni wa shirika lile lile lililotuma mapadre Uganda mwaka 1895, na baadaye magharibi ya Kenya. Mtoto wa Penampang na mtoto wa Mumias waliweza kufundishwa kusoma na ndugu wa shirika moja.

Shule zilileta faida kubwa, na leo Wakadazan-Dusun walio wengi ni Wakristo, na wengine ni Waislamu. Lakini msichana aliyekwenda shule hakukaa tena miguuni pa bibi yake kushika rinait. Na aliyebatizwa mara nyingi aliambiwa kwamba kazi ya bibi yake ni ya shetani. Hakuna aliyezichoma rinait, kwa sababu hazikuwa na karatasi ya kuchomwa. Zilipungua kwa kukosa wanafunzi. Kuhani mmoja alipozikwa, ilizikwa pamoja naye maktaba nzima.

Hata hivyo fikira ya deni haikufa. Ilijitokeza mahali ambapo mtu asingeitazamia, katika siasa. Kwa mila yao, ahadi kubwa huwekwa mbele ya jiwe, nalo jiwe huwa shahidi asiyekufa wala kusahau. Wenyeji wa sehemu za ndani walipoombwa kuikubali Malaysia, walitaka ahadi ya namna hiyo. Tarehe 31 Agosti 1964 jiwe la kiapo lilizinduliwa mjini Keningau, na juu yake yakaandikwa mambo matatu: dini itakuwa huru Sabah, ardhi ya Sabah itakuwa chini ya serikali ya Sabah, na mila za wenyeji zitaheshimiwa na kulindwa na serikali. Kwa upande wao wenyeji waliahidi utii kwa serikali ya Malaysia. Wanasheria waliandika katiba. Wakulima wakaweka jiwe. Hata leo watu wa Sabah wanapoona haki zao zimepunjwa, hulikumbusha jiwe lile kabla ya kufungua kitabu cha sheria.

Sikukuu ya mavuno nayo, iitwayo Kaamatan, ilipata nguvu mpya. Donald Stephens, mwandishi wa magazeti ambaye mwaka 1963 alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Sabah, alikuwa miongoni mwa walioidai iwe siku ya mapumziko ya watu wote. Siku hizi huadhimishwa tarehe 30 na 31 Mei. Maelfu ya watu wa dini mbalimbali hukusanyika, wakala, wakacheza, na wasichana wakashindana kuwania cheo cha Unduk Ngadau, kwa kumbukumbu ya Huminodun. Magavau huonyeshwa pia, mara nyingi mchana, ndani ya ukumbi, mbele ya watazamaji.

Siku hiyo hiyo ya Kaamatan, tarehe 30 Mei 2015, kundi la watalii kutoka nchi za ng'ambo lilipanda Kinabalu, na kileleni baadhi yao wakavua nguo zote wakapigwa picha. Tarehe 5 Juni tetemeko la ardhi liliutikisa mlima, na watu 18 wakafa, miongoni mwao wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Singapore na viongozi wenyeji wa wapanda mlima. Wataalamu walieleza vizuri kwamba tetemeko hutokana na miamba iliyo chini ya ardhi kusogea katika nyufa zake, na hapana shaka juu ya jambo hilo. Mahakama iliwatia hatiani watalii wanne, ikawatoza faini ya ringgit 5,000 kila mmoja pamoja na kifungo cha siku tatu. Lakini viongozi wa jadi walisema deni bado, wakadai sogit. Magazeti ya mbali yaliwacheka.

Wewe, msomaji, usiwe mwepesi wa kucheka. Si lazima uamini kwamba roho za mlima zilikasirika ili uone maana ya madai yale. Watu wamefiwa, na mahali wanapopaheshimu kama kaburi la wazee wao pamechezewa. Faini ilikwenda kwa serikali. Ni nani aliyewapoza waliofiwa? Swali hilo sayansi ya miamba hailijibu, wala haikukusudiwa kulijibu.

Leo makuhani waliobaki ni wachache, na wengi wao ni wazee sana. Watafiti wa Makumbusho ya Sabah wamekaa nao, wakanasa sauti zao na kuyaandika maneno yao. Lugha yao hufundishwa katika shule tangu miaka ya 1990. Kazi hizo ni njema na zastahili sifa, ingawa sauti iliyonaswa katika mashine haiwezi kwenda majarubani usiku kumtafuta aliyepotea. Kijana Mkristo wa Penampang naye hatazamiwi kuwa kuhani wa dini ambayo haiamini. Liko jambo moja tu ambalo kila mmoja wao aweza kulifanya, awe wa dini gani: asile wali kana kwamba haukumgharimu mtu kitu.

Jambo hilo latupasa sisi pia. Chakula kilicho mbele yetu kina jasho la mkulima, maji ya mto, na kazi ya watu waliokwisha kufa ambao waliifyeka nchi kabla yetu. Wakadazan-Dusun walikusanya yote hayo katika mwili wa msichana mmoja ili mtoto mdogo aweze kuyafahamu. Walijua kwamba deni la namna hiyo halilipiki likaisha. Ndiyo sababu walikwenda kulilipa kila mwaka, mwezi ulipokuwa mpevu.